Shingo ya Pikipiki

Tarehe 4 Februari
Mwaka wa ishirini na saba na miezi mitatu tangu niondoke

Mpwa wangu Cheche,

Barua yako imenifikia juzi, imekunjwa mara nne, na kwenye kona ina doa la grisi. Niliinusa kabla ya kuifungua. Usinicheke. Siku hizi kazi yangu ni kujalidi vitabu. Kutwa niko kati ya gundi, uzi na karatasi, na grisi hainijii ila kwa posta.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ile injini uliyoikuta chini ya magunia katika stoo ya mama yako ni yangu. Ni yangu. Ni ya pampu ya maji, ya silinda moja, na huwashwa kwa kuvuta kamba. Zilikuwa mbili, pacha. Nilizipata zilipotupwa na mtambo wa maji. Moja niliifungia pikipiki niliyoiunda kwa mikono yangu, na hiyo uliyo nayo niliiweka kwa ajili ya pikipiki ya pili. Ya pili haikuundwa. Sababu unaijua, au unaijua kwa kadiri ya maneno ya mama yako, na dada yangu hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi.

Basi sikiliza. Karakana ilikuwa ya watu wawili: mimi, na yule ambaye unasema siku hizi mnamwita Fundi Mkuu. Sisi tulimwita Chaki. Alipenda kutia alama. Akishachora mstari wake wa chaki juu ya chuma, alirudi nyuma akafuta vidole, na mimi nikakata. Miaka tisa yeye alichora, mimi nikakata, na wateja walimpa mkono yeye kwa kuwa mkono wake ulikuwa safi.

Pikipiki niliiunda peke yangu, miezi kumi na minne, baada ya saa za kazi. Sasa, ukitaka kupinda bomba la moshi lisibonyee, unalijaza mchanga mkavu, unaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, unalipasha moto, ndipo unalipinda. Nilikuwa na mabomba manne ya namna hiyo yameegemea ukuta. Chaki alijua ni ya nini. Yeye ndiye aliyeshika faneli nilipokuwa nikimimina mchanga. Ulikuwa mwaka wa hofu, askari wakitafuta silaha hata ndani ya magodoro. Chaki akaenda kituoni, akasema katika karakana yake kuna mabomba yaliyojazwa kitu na kuzibwa ncha zote, na mwenye nayo hataki kusema ni ya kazi gani.

Karani wa kituo, ambaye niliwahi kumtengenezea baiskeli, alinipitia Jumapili saa tatu asubuhi. Hakuingia hata ndani. "Wanakuja saa tisa," akasema, "na aliyekutaja ni mwenzako." Nilikuwa na saa sita. Kufunga mzigo hakukumaliza nusu saa. Nilimuaga mama yako. Saa mbili nilizitumia karakanani, kuweka mambo sawa. Kisha nikaondoka, na sijarudi.

La pili uliloniuliza ni hilo hilo: lini narudi, maana kesi za zamani zimefutwa na wenzangu wengi wamerudi. Jibu langu ni fupi. Nitarudi siku nitakayosikia Chaki ameanguka.

Unda pikipiki yako. Nitakuelekeza hatua kwa hatua. Ila nijibu kwanza: ile yangu, anaiendesha?

Mjomba wako

*

Tarehe 19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Haiendeshi! Hajawahi hata siku moja. Ameipandisha juu ya mlango wa duka lake, kwenye jukwaa la chuma, imefungwa mnyororo kama mbuzi. Chini yake ameandika kwa rangi nyekundu: KAZI YA MIKONO YANGU. Watu wakimwambia, "Fundi Mkuu, ishushe basi tuone inavyonguruma," anajibu, "Huyo amestaafu." Wanacheka, wanaingia, wananunua misumari.

Mama hapiti mtaa ule. Akilazimika, anatembea upande wa pili wa barabara na kutema mate mara moja, kwa adabu kabisa, kama anayetoa salamu. Si kwa ajili yako tu. Hujawahi kuambiwa nilivyozaliwa? Ilikuwa mwezi wa nne tangu uondoke. Mama alishikwa na uchungu baba akiwa safarini na lori lake, na mtaa mzima hakukuwa na chombo chenye injini isipokuwa pikipiki yako. Akamtuma jirani kwa Chaki: tafadhali, mpeleke huyu mama hospitali. Chaki akasema haitoki. Jirani akapiga magoti. Haitoki. Mama akaenda kwa miguu, na mimi nikazaliwa kwenye ngazi ya tatu ya hospitali, mbele ya mlinzi. Ndiyo maana nachomelea mageti na madirisha lakini kazi ya kupanda ngazi siitaki. Nilishapanda tatu nikiwa bado tumboni, zinatosha.

Sasa kazi. Nimeifungua injini. Pistoni iko sawa, ringi zimechoka, karbureta ilikuwa na mji mzima wa wadudu. Vyuma vingine nimeokota hivi: fok na magurudumu ya pikipiki ya tarishi iliyogongwa na trekta, tangi la jenereta, kiti nimekata kwenye kiti kibovu cha kinyozi, usukani nimeupinda kutoka kwenye bomba la kitanda cha hospitali. Taa sina. Breki ninayo moja, ya nyuma, nyingine namwachia Mungu.

Chaki alinipitia juzi nikiwa nimeshika huo usukani. "Wewe Cheche, hiyo ni pikipiki au kitanda kinachokimbia?"

Nikamwambia, "Kitanda, Fundi. Ukiumwa nitakubeba. Mimi sikatai wagonjwa."

Akaitazama injini muda mrefu. Akauliza, "Mjomba wako anakuandikia?" Nikasema ndiyo. Akaondoka bila kuaga.

Nielekeze, Mjomba. Naanza na fremu wiki ijayo.

Cheche wako

*

Tarehe 2 Machi
Mwaka wa ishirini na saba na miezi minne

Mpwa wangu,

Marahaba. Hilo la ngazi ya tatu sikulijua. Nimelisoma mara tatu. Liongeze kwenye makosa yake.

Tuingie kazini. Anza na shingo. Shingo ya fremu ni lile bomba fupi la mbele ambamo fok, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, huingia na kuzunguka. Hapo ndipo uzito wa mtu na kiburi cha barabara vinapokutana. Usiishikize kwa nukta mbili tatu ukasema utamalizia baadaye. Zungusha weldi yote, iache ipoe yenyewe, usiimwagie maji. Kisha weka vipande vitatu vya chuma vya pembetatu, viwili ubavuni na kimoja chini. Ukimaliza, gonga kwa nyundo ndogo na usikilize. Kila kiungo kingine kikivunjika utajikokota hadi nyumbani. Shingo ikiachia, usukani unabaki mikononi mwako na pikipiki inakwenda zake.

Injini ya pampu haina gia wala klachi. Tumia mkanda. Uache uwe legevu, na juu yake weka kapi dogo linaloukaza, kapi hilo ulifunge kwenye bawaba ya mlango na ulivute kwa mkono wa kushoto. Ukivuta, mkanda unakaza na unaondoka, ukiachia, unasimama. Mimi nilitumia bawaba ya mlango wa choo cha karakana. Kwa miezi mingi kila aliyeingia humo aliimba ili ajulikane yumo.

Kuhakikisha magurudumu yako mstari mmoja, funga uzi nyuma na uvute hadi mbele, ubavu wa kulia na wa kushoto. Macho yatakudanganya, uzi haujui kudanganya. Na bomba la moshi ulijue tayari: mchanga mkavu. Uukaange kwenye karai hadi uache kutoa mvuke. Ukibaki na unyevu, kigingi kitaruka na kukutoboa.

Sasa nisikilize vizuri. Ikiwa tayari, ipeleke mbele ya duka la Chaki siku yenye watu. Usimtukane. Mwambie maneno haya tu: "Fundi, kama hiyo ni kazi ya mikono yako, ishushe tushindane." Njia iwe ule mteremko wa mawe, kutoka mtambo wa maji hadi darajani. Mbele ya watu hataweza kukataa. Namjua, sifa ndiyo chakula chake. Apande yeye. Wewe usiiguse ile ya zamani, wala mama yako asiiguse. Narudia: apande yeye peke yake, na ateremke mteremko wote.

Nimesubiri kwa muda ambao wewe umetumia kuzaliwa, kukua na kuwa fundi. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, dirisha linatazama paa la bati la ghala. Mvua ikinyesha juu ya bati hilo, namwona Chaki akiteremka.

Mjomba wako

*

Tarehe 3 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Inatembea! Inatembea, Mjomba, inatembea! Jumanne nilivuta kamba mara kumi na moja, mara ya kumi na mbili ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikashika. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nyumba inaungua. Nikamwambia panda. Akasema, "Mimi? Juu ya kitanda cha hospitali?" Akapanda. Alinishika kiuno akawa ananipigia kelele sikioni, punguza, punguza, na tulipofika mwisho wa mtaa akasema, "Mbona umesimama?" Tukazunguka mara nne. Aliposhuka alifuta macho, akasema ni moshi. Akaniambia kwamba wewe ulikuwa umemuahidi yeye ndiye atakayepakiwa wa kwanza kwenye ile yako.

Shingo nimeizungusha weldi yote na pembetatu tatu. Nikaigonga, ikalia kama kengele.

Jumamosi nikaenda kwa Chaki. Duka lilijaa: mafundi bomba, maseremala, mwalimu aliyefuata kitasa. Nikazima injini mlangoni. "Fundi, kama hiyo ni kazi ya mikono yako, ishushe tushindane. Mteremko wa mawe, hadi darajani."

Watu wakapiga makofi. Seremala mmoja akasema, "Leo mstaafu anarudi kazini!"

Chaki hakucheka. Aliweka chini kopo la misumari, akafuta vidole. "Nani kakwambia mteremko wa mawe?"

"Mimi mwenyewe."

"Sawa." Akaja akaizunguka pikipiki yangu, akagonga shingo kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. "Kazi nzuri. Nakubali. Ila tubadilishane. Mimi nipande hii yako, wewe upande ile. Ni damu yako, itakutii."

Mjomba, kelele zilivyolipuka ningefanya nini? Mwalimu alishatupa kofia juu. Nikasema nimekubali. Najua uliandika nisiiguse, lakini nadhani uliona wivu tu nisiipande kabla yako. Nitaiendesha kwa adabu. Tena fikiria: injini yako, fremu yako, mpwa wako, mbele ya macho yake!

Kitu kimoja kilinishangaza. Alipotaka kupanga siku aliniuliza, "Barua kutoka hapa mpaka kwa mjomba wako huchukua siku ngapi?" Nikasema kumi. Akahesabu kwa vidole. "Basi iwe Jumamosi ya tarehe kumi na sita," akasema. "Nisalimie kwake."

Basi anakusalimia.

Cheche, dereva wa kitanda

*

TELEGRAMU
13 APRILI

USIPANDE YA ZAMANI. KWA HALI YOYOTE USIPANDE. SHINGO IMEKATWA. BARUA INAFUATA. MJOMBA

*

Tarehe 13 Aprili
Mwaka wa ishirini na saba na miezi mitano

Mpwa wangu,

Nimetoka posta. Karani alinihesabia maneno, akaniuliza kama neno "usipande" nimelirudia kwa makosa. Nikamwambia hapana.

Nikuandikie kwa utaratibu, kama ninavyokuandikia mambo ya injini.

Zile saa mbili za Jumapili nilizokwambia niliweka mambo sawa karakanani, niliikata shingo ya pikipiki. Niliinua mbele kwa gogo, nikachukua msumeno wa chuma wenye meno madogo, nikakata kuanzia chini, robo tatu, nikaacha ngozi ya juu. Ukiitazama imesimama. Ukiikalia haishuki. Ikienda kwenye tambarare polepole, labda inavumilia. Kwenye mteremko, kwenye mawe, na mtu mzima juu yake, haifiki darajani. Nikaziba mkato kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi, na rangi ilipokuwa bado mbichi nikachota vumbi la sakafuni nikalipuliza juu yake ili pasing'ae. Hata chenga za chuma nilifagia. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile.

Nilijua ataichukua. Nilijua ataipanda mbele za watu. Nikaondoka nikiwa nimebeba siku hiyo kama mtu aliyebeba barua isiyofunguliwa. Mwaka wa kwanza nilisubiri habari kila wiki. Nikadhani ni mwoga wa injini tu. Ulipoandika unataka kuunda pikipiki, sikufurahi kama mjomba anavyofurahi. Nilifurahi kwa sababu nimepata wa kumshusha Chaki kutoka kwenye lile jukwaa. Hilo ulijue.

Na jambo moja zaidi. Ulipoandika habari ya ngazi ya tatu, nilielewa saa ile ile. Kama Chaki angekubali siku hiyo, dada yangu angekaa nyuma, amejishika, na wewe tumboni, barabara ya hospitali ilivyokuwa na makorongo. Nilielewa vizuri kabisa. Kisha nikachukua kalamu nikakuandikia, liongeze kwenye makosa yake.

Ningependa kukuambia kwamba nimejuta yote. Nimejipima leo kutwa. Bado nataka aanguke. Nisichotaka ni wewe uwe juu ya pikipiki ile. Zaidi ya hapo sijafika.

Kama telegramu imechelewa, barua hii haina msomaji.

Mjomba wako

*

Tarehe 24 Aprili

Mjomba,

Msomaji yupo. Miguu miwili, mikono miwili, na hasira ya kutosha watu watatu.

Telegramu ilifika Alhamisi mchana. Tarishi alinikuta nachomelea geti. Nikaisoma na miwani ya weldi usoni, nikadhani macho yangu yananidanganya. Nikaivua nikasoma tena. Nikatembea nayo mkononi hadi kwa Chaki. Alikuwa ameketi mlangoni kwake, juu ya kigoda, hana kazi mkononi. Hakuniuliza salama. Aliuliza, "Imekuja?"

Nikampa. Alisoma, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake, akanirudishia. Akaleta ngazi. "Panda," akasema, "na bisbisi yako." Nikapanda, mimi ninayeogopa ngazi. Nikakwangua rangi. Puti ikabanduka vipande vipande kama ukoko wa uji. Nikauona mstari wako. Mimi ni fundi, Mjomba, mkato nausoma: meno madogo, mkono wa kulia, mtu asiye na haraka.

Chaki akaniambia kutoka chini, "Nilijua wiki ya kwanza. Nilishusha mguu nikitafuta kiki ya kuiwasha, nikakumbuka haina kiki, hii huvutwa kamba, nikacheka, nikaigonga shingo kwa nyundo tu, kama tulivyozoea kugonga kila kitu. Chuma kizima kinalia. Kile kilikohoa."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Nani angeamini mimi nikisema yeye ndiye aliyekata?"

Nikamuuliza kuhusu mama na ngazi za hospitali. Akasema jirani alipopiga magoti, yeye alishika mlango wa karakana kwa mikono miwili ili asilainike. Angesema shingo imekatwa, wangesema anatafuta kisingizio, wangeitoa kwa nguvu. Kwa hiyo akasema haitoki, akakubali kuchukiwa. Tangu hapo akaipandisha juu na kuifunga mnyororo. "Niliweka siku kumi na nne, barua yako imfikie," akasema, "nione kama mjomba wako bado ana damu. Kama telegramu isingekuja, ningeivunja hiyo shingo mbele yako kwa nyundo moja, na wewe usingemwandikia tena maisha yako yote."

Usidhani nilimwachia hapo. Nilishuka nikasimama mbele yake. "Na mabomba ya mchanga, Fundi?"

Akaangalia vidole vyake. Safi, kama ulivyosema. "Nilitaka karakana," akasema. "Nilidhani watamshika siku tatu, wamtishe, aniuzie. Nilitaka karakana, basi."

Basi! Anasema kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake. Mmoja alitaka karakana, mwingine alitaka shingo, na katikati mama yangu anatembea hospitali na tumbo lake.

Akaniomba telegramu ili aitundike dukani. Nikamwambia nitampa kwa sharti moja: aandike kwa mkono wake alichokisema kituoni, aweke sahihi, na vyote vitundikwe pamoja. Alifikiri mpaka Ijumaa jioni. Akaandika. Jumamosi watu walikuja kuona mashindano wakakuta mimi niko juu ya ngazi napigilia misumari. Ule ubao wa KAZI YA MIKONO YANGU nimeung'oa. Sasa chini ya pikipiki pana karatasi mbili, ndani ya kioo. Kushoto: "Nilijua mabomba ni ya moshi. Niliwaambia askari kuwa sijui." Kulia, yako. Mwalimu alizisoma kwa sauti, kama darasani. Hakuna aliyecheka. Wateja wa Chaki wamepungua. Wengine wanakuja, wanasoma, wanaondoka bila msumari.

Mama alivuka barabara kwa mara ya kwanza. Alisoma ya Chaki mara moja. Yako alisoma mara mbili. Barua yako ilipofika leo nikamsomea nayo. Alisahau mchele jikoni hadi ukaungua. Kisha akasema, "Ngazi ya tatu," na akaenda kulala mchana kweupe. Mimi sina la kuongeza.

Ila nina pendekezo, na si la huruma. Shingo nimeichomelea, weldi yote, pembetatu tatu. Inalia sasa. Njoo. Chaki ameapa mbele ya watu kwamba karatasi yake haitoki ukutani mpaka wewe uje kuiondoa yako kwa mkono wako. Siku hiyo hiyo na yeye ataondoa yake. Anasema hata akifa zibaki. Mzee yule anazeeka haraka, Mjomba. Kila asubuhi anafungua duka akiwa ameinamisha kichwa ili asizisome. Mama hajasema uje, lakini hajasema usije, na chumba cha nyuma amekifagia.

Njoo muangaliane. Mkitaka kupigana, mpigane. Nitawashikia makoti.

Cheche

*

Tarehe 6 Mei
Mwaka wa ishirini na saba na miezi sita

Mpwa wangu Cheche,

Barua yako nimekaa nayo siku tatu. Siku ya kwanza nilishusha begi kutoka juu ya kabati. Ni lile lile nililoondoka nalo. Vishikio nimevishona upya kwa uzi wa kujalidi vitabu. Niliweka ndani mashati mawili, tupa yangu ndogo na viatu. Siku ya pili nilikwenda kuuliza nauli ya meli. Siku ya tatu nimekaa dirishani nikatazama bati la ghala, nikafikiri kuhusu kioo hicho na karatasi mbili.

Umefanya kazi nzuri kuliko yangu. Mimi nilikata chuma nikamsubiri aanguke mara moja. Wewe umemsimamisha mlangoni kwake, kila siku, akiwa ameinamisha kichwa, mbele ya maseremala na mafundi bomba. Sikujua kama kuna kuanguka kwa namna hiyo. Nilikuandikia mwanzo kabisa kwamba nitarudi siku nitakayosikia ameanguka. Nimesikia.

Lakini nimeelewa pia alichokiapa. Nikija, nitapanda ngazi, nitaondoa yangu, naye ataondoa yake. Saa hiyo hiyo atainua kichwa. Atafunga duka mapema, atapewa mkono. Watu watasema wazee wamemaliza. Nisipokuja, ile ya kushoto inabaki ukutani hadi siku atakayokufa, na baada ya hapo, kwa maneno yake mwenyewe.

Najua ya kulia inabaki nayo. Najua nani anaisoma, na kwamba ameshaisoma mara mbili. Najua chumba cha nyuma. Dirisha lake lina bawaba moja iliyolegea, uikaze kabla ya mvua. Mwambie mama yako kwamba ahadi ya kumpakia wa kwanza niliivunja Jumapili ile, saa nne asubuhi, nikiwa na msumeno mkononi, na kwamba nafurahi wewe umeitimiza kwa kitanda cha hospitali. Mengine ya kumwambia sina uso wa kuyaandika.

Tupa ndogo nakutumia kwa posta. Ipake mafuta kila baada ya kazi. Mkanda wa injini utapasuka baada ya miezi sita. Usisubiri upasuke, ubadilishe mwezi wa tano. Breki ya mbele uitafute, usimwachie Mungu kazi ya fundi.

Viatu nimevirudisha chini ya kitanda na begi juu ya kabati. Usinisubiri, na chumba kile muweke vyuma vyenu.

Sitarudi.

Mjomba wako